Nimemlalamikia Mungu kwa ugonjwa wa mwanangu: je, nimekosa imani na unyenyekevu?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro. Mwanangu wa pili ana miaka 9 na ana sikoseli. Maumivu yakimshika usiku analia mpaka sauti inakauka, nami huwa namuuliza Mungu kwa nini, tena kwa ukali. Niliyasema hayo kwenye kikundi chetu cha maombi. Kiongozi wetu akaniambia hicho ni kiburi, kwamba Ayubu hakufungua kinywa, na kwamba mtoto haponi kwa sababu imani yangu ni ndogo. Baadaye akasema ameoneshwa kuna laana katika ukoo wa mume wangu, nifunge siku saba na niache dawa za hospitali ili uponyaji uwe ushuhuda. Dawa sijaacha. Lakini sasa hata kuomba naogopa. Nisaidie kwa Maandiko: mtu ananyenyekeaje katika hali kama hii?

Jibu: Amina, mama. Pole sana, na kijana naye mpe pole yangu.

Nianze na lisilosubiri. Dawa usiache. Haidroksiurea, foliki na chochote alichoandikiwa kliniki aendelee navyo kama mlivyoelekezwa. Hakuna mahali popote katika Biblia ambapo mtoto mgonjwa alinyimwa tiba ili watu wazima wapate ushuhuda. Mfalme Hezekia aliombewa, akaahidiwa uponyaji na Mungu mwenyewe kwa kinywa cha nabii, na bado Isaya akaagiza waweke mkate wa tini juu ya jipu lake (Isaya 38:21). Nabii aliyeleta ahadi ndiye aliyeleta na dawa.

Sasa Ayubu. Kiongozi wako amesema Ayubu hakufungua kinywa. Fungua sura ya 3, mstari wa kwanza kabisa: alifumbua kinywa chake akailaani siku yake. Nadhani amechanganya na Isaya 53:7, penye habari za yule Mtumishi aliyeonewa, akanyenyekea, asifunue kinywa chake kama mwana-kondoo apelekwaye machinjoni. Kanisa tangu mwanzo limemwona Yesu katika mstari huo, na ni kweli alinyamaza mbele ya wale waliomshitaki. Lakini angalia alinyamaza mbele ya nani. Usiku uleule, kabla hajakamatwa, alikuwa Gethsemane akimwomba Baba yake kikombe kimwondokee. Waebrania 5:7 inasema alitoa maombi na dua "pamoja na kulia sana na machozi", kisha inaongeza kwamba alisikilizwa kwa sababu ya kicho chake. Kilio na kicho viko katika mstari mmoja, kwa mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa na dhambi. Anayekuambia kwamba kulia mbele za Mungu ni kiburi, aanze kwa kuueleza mstari huo.

Ayubu tunayemhubiri mara nyingi ni wa sura mbili za mwanzo. "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa; jina la Bwana na libarikiwe." Misiba yetu haipiti bila maneno hayo, nayo ni maneno matakatifu. Ndugu zetu Waislamu nao wanamjua Ayubu kwa subira, na huku pwani ametungiwa hata utenzi. Lakini kitabu kina sura 42. Kuanzia sura ya 3 mtu yuleyule aliyelibariki jina la Bwana anauliza kwa nini hakufa tumboni mwa mama yake, anamwomba Mungu amwache japo ameze mate (7:19), anasema Mungu amemshika shingo na kumvunjavunja (16:12). Hayo yanaendelea kwa sura nyingi, na hayakuandikwa kwa bahati mbaya. Tumeibakiza milango miwili ya kitabu, wa kuingilia na wa kutokea, nyumba yenyewe tukaifunga kufuli.

Na katika nyumba hiyo kuna watu ambao wewe, mama, nadhani utawatambua. Elifazi, Bildadi na Sofari walikuja kumfariji rafiki yao, na mwanzo walifanya vizuri kuliko wengi wetu: walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, pasipo mtu kusema neno, kwa kuwa waliona mateso yake ni makuu mno (2:13). Shida ilianza walipofungua vinywa. Elifazi alianza taratibu, kwa heshima. Akasema ana maono: usiku, usingizi mzito ukiwashika watu, roho ilipita mbele ya uso wake, nywele za mwili zikamsimama, akasikia sauti (4:12-16). Kwa lugha ya vikundi vyetu vya maombi, alikuwa ameoneshwa. Kutokana na maono hayo akamshauri Ayubu kwa upole amtafute Mungu.

Ayubu hakukubali kwamba ana dhambi ya siri iliyomletea majipu. Basi kadiri mazungumzo yalivyosogea, upole wa Elifazi ukapungua, na kufikia sura ya 22 anataja dhambi kwa orodha: umetwaa rehani za ndugu zako pasipo sababu, umewavua walio uchi mavazi yao, hukumpa maji aliyechoka, umewafukuza wajane mikono mitupu. Hakuna hata moja iliyotokea. Msomaji anajua hivyo, kwa sababu sura ya 1 ilikwisha kusema Ayubu alikuwa mtu mkamilifu na mwelekevu. Kwa hiyo Elifazi alizua. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na fundisho moja akilini, kwamba anayeteseka lazima amekosa mahali, na fundisho lilipogongana na mtu halisi aliyekaa majivuni, alichagua kulilinda fundisho. Ikabidi mtu apewe dhambi ili hesabu zikubali.

Soma tena ujumbe wako mwenyewe uone mwendo ulivyo. Kwanza ulikuwa na kiburi. Halafu ukawa na imani ndogo. Halafu ikaja laana ya ukoo, ya watu ambao huenda wengine hukuwaona kamwe. Kila maelezo yaliposhindwa kumponya mtoto, yalitafutwa mengine makubwa zaidi, na yote yanaelekezwa kwako na kwa mume wako.

Mungu alitoa hukumu ya mjadala ule. Alimwambia Elifazi, yule wa maono: "Hasira zangu zinawaka juu yako, na juu ya hao rafiki zako wawili, kwa kuwa ninyi hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu, kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu" (42:7). Waliokuwa wakimtetea Mungu wakaambiwa wamekosea. Aliyekuwa akimlalamikia akaitwa mtumishi wangu. Tena tazama wakati maneno hayo yaliposemwa. Watu wengi wakifika sura ya 42 hukimbilia mifugo: ngamia kutoka 3,000 hadi 6,000, kondoo kutoka 7,000 hadi 14,000. Lakini mali ilirudi kuanzia mstari wa 10. Ule wa 7 ulitamkwa Ayubu akiwa hana hata ngamia mmoja, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba majipu yalikuwa yamekauka. Alikuwa sawa na Mungu akiwa bado maskini, tena katika hali ileile ambayo rafiki zake waliihesabu kuwa ushahidi dhidi yake.

(Elihu, yule kijana wa sura 32 hadi 37, nampita. Mungu mwenyewe hakumtaja, na wanaofundisha kitabu hiki wanabishana juu yake mpaka leo.)

Nisikufiche upande wa pili, maana mtu makini atakuletea. Mungu alipomjibu Ayubu katika upepo wa kisulisuli, alianza kwa kumkemea: ni nani huyu atiaye mashauri giza kwa maneno yasiyo na maarifa? Akamuuliza alikuwa wapi misingi ya nchi ilipowekwa. Akampitisha penye bahari, theluji, mvua inyeshayo nyikani pasipokaa mtu, makinda ya kunguru yanayolia kwa njaa, mbuni, mnyama Leviathani. Mwishowe Ayubu akasema, "Nilikuwa nimesikia habari zako kwa kusikia kwa masikio, bali sasa jicho langu linakuona", akatubu katika mavumbi na majivu. Kwa hiyo ndiyo, Ayubu alishushwa. Unyenyekevu upo katika kitabu hiki na si wa kupuuzwa.

Ila swali ni alitubu nini. Hakutubu dhambi za orodha ya Elifazi. Hakusema, kumbe kweli niliwafukuza wajane. Alichokiri ni kwamba amesema mambo asiyoyafahamu, ya ajabu yaliyomshinda. Katika maumivu yake alikuwa amevuka kutoka "sielewi kwa nini" hadi "najua jinsi Mungu anavyoiendesha dunia, naye anaiendesha vibaya". Hapo ndipo alipojirudi. Tena hakuambiwa sababu. Sisi wasomaji tunaijua habari ya Shetani katika sura mbili za kwanza. Ayubu hakuambiwa neno lolote juu yake, na kitabu kinakwisha hajui.

Kwa hiyo ukiniuliza unyenyekevu wakati wa mateso ni nini, nitakujibu hivi: ni kukataa kujifanya unajua lile ambalo Mungu hajalisema. Kipimo hicho kinakuhusu wewe na kinamhusu kiongozi wako, na naona kinambana yeye zaidi. Wewe umeuliza "kwa nini", na anayeuliza amekiri kwamba hajui. Yeye ndiye aliyetoa jibu.

Tukija kwenye hiyo laana. Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu wakamuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake. Yesu akasema huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake (Yohana 9:3). Habari za watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu alizileta mwenyewe, akakana kwamba walikuwa wakosaji kuliko watu wengine wa Yerusalemu (Luka 13:4). Watu hupenda kunukuu Kutoka 20:5, Mungu kuwapatiliza wana uovu wa baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne. Mstari upo. Lakini Israeli walipoufanya methali, "Baba wamekula zabibu kali, na meno ya watoto yametiwa ganzi", Mungu aliipiga marufuku methali hiyo kwa kinywa cha Ezekieli na kusema mwana hatauchukua uovu wa baba yake (Ezekieli 18). Sura nzima imeandikwa kwa ajili hiyo. Anayehubiri laana ya ukoo bila kuifikia Ezekieli 18 ameisoma Biblia nusu.

Na kuhusu sikoseli yenyewe, pengine kliniki walikueleza haraka. Mtoto huipata akirithi chembe ya ugonjwa kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia. Kwa hiyo "ukoo wa mume wako" peke yake hautoshi kuuleta. Wazazi wanaoibeba nusu kwa kawaida ni wazima, na kwa kila mimba yao kuna uwezekano wa asilimia 25 mtoto kuupata. Wengine wa tumbo lilelile wanaweza kuzaliwa wazima kabisa. Chembe hiyo imeenea katika nchi zetu kwa sababu mtu anayeibeba nusu ana kinga fulani dhidi ya malaria kali: watoto wa namna hiyo walinusurika kwa vizazi vingi malaria ilipokuwa ikiua wenzao, wakakua, wakazaa. Kilichowaokoa mababu wa pande zote mbili ndicho kinachomtesa mwanao. Kwa nini Mungu aliacha iwe hivyo, mimi sijui, na sitakwambia nimeoneshwa.

Kuhusu imani ndogo, nitakuomba usome Waebrania 11 polepole, hasa kuanzia mstari wa 33. Wapo waliofunga makanwa ya simba na waliookoka na makali ya upanga. Mistari michache mbele wapo waliopigwa kwa mawe, waliokatwa kwa misumeno, waliouawa kwa upanga. Mmoja kauepuka upanga, mwingine upanga umemuua, na mstari wa 39 unasema hao wote walishuhudiwa kwa sababu ya imani yao. Imani ni ileile, yaliyowapata ni tofauti. Paulo, ambaye Matendo 19 inasema hata leso zilizogusa mwili wake ziliponya watu, alimwacha mwenzake Trofimo mjini Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20). Timotheo naye, Paulo alimshauri atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara. Hakumkemea kwamba tumbo haliponi kwa kukosa imani. Naye mwenyewe aliomba mara tatu mwiba utoke, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu" (2 Wakorintho 12:9). Jibu hilo ni gumu kulisikia mtoto akilia, nalijua hilo, na silitoi kwako kama dawa ya usiku. Nalitaja ili uone kwamba mtu anaweza kuomba sana, kwa imani kubwa, na mwiba ukabaki.

Yakobo 5:15 huenda umeshatupiwa: kule kuomba kwa imani kutamwokoa mgonjwa. Rudi mstari mmoja nyuma. Mgonjwa anaambiwa awaite wazee wa kanisa waje wamwombee na kumpaka mafuta. Wanaoomba ni wao. Kama mtu anataka kupima imani katika andiko hilo, aanze na ya wazee, si ya mgonjwa kitandani wala ya mama aliyekesha. Yule mwenye kupooza wa Marko 2 alishushwa darini na watu wanne, na Yesu, alipoiona imani yao, akasema naye. Kuna siku mtu hana nguvu ya kuamini hata kidogo, na siku hiyo kazi ya kikundi cha maombi ni kumbeba.

Kuna mama mwingine ningependa umsome, Mkananayo wa Mathayo 15. Binti yake anateseka vibaya. Anamlilia Yesu, Yesu hamjibu neno. Wanafunzi wanataka afukuzwe kwa kuwa anawapigia kelele. Anaambiwa maneno magumu, kwamba si vizuri kukitwaa chakula cha watoto na kuwatupia mbwa. Naye anapiga magoti, hatoki, na anajibu: "Ndiyo, Bwana, lakini hata mbwa hula makombo yaangukayo mezani pa bwana zao." Hakudai haki yoyote, wala hakunyamaza. Yesu akamwambia, "Mama, imani yako ni kubwa." Katika Injili zote ni wachache mno waliosifiwa hivyo, na mmoja wao ni mama aliyepiga kelele kwa ajili ya mtoto.

Basi utaombaje? Petro anasema nyenyekeeni chini ya mkono wa Mungu ulio hodari, na sisi tunaishia hapo, tukidhani ametuambia tufunge midomo. Sentensi haijaisha: "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote, kwa maana yeye hujishughulisha sana kwa mambo yenu" (1 Petro 5:6-7). Kumtwika fadhaa ndiko kunyenyekea kwenyewe. Mwenye kiburi hamtwiki mtu mzigo wake.

Ukikosa maneno, tumia ya Zaburi. Ya 13 ni fupi, mistari sita tu, inaanza na "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" na inamalizika kwa wimbo. Usiku ambao huwezi kufika kwenye wimbo, chukua ya 88. Hiyo haina mwisho mwema. Inaanza kwa kumwita Bwana, Mungu wa wokovu wangu, na inamalizikia gizani, rafiki wakiwa wametengwa mbali. Nimesikia wahubiri wakiikwepa. Mimi nashukuru kwamba watu wa Mungu waliihifadhi ndani ya kitabu cha sifa bila kuirekebisha, maana kuna nyumba ambazo hiyo ndiyo sala pekee inayosemeka saa tisa za usiku. Na kama hata hiyo ni ndefu, yupo baba wa Marko 9, naye mwenye mtoto mgonjwa tangu utoto, aliyesema kwa mstari mmoja: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumwambia arudi imani ikikamilika.

Ule ukali wako usiufiche. Mwambie Mungu kwamba umekasirika. Jihadhari na kitu kimoja tu, kile Ayubu alichojirudi nacho: maumivu yasikusukume ukahitimisha kwamba unajua moyo wa Mungu na kwamba ni moyo mbaya. Ukifika hapo, simama kwenye "sielewi", ulale.

Umesema pia unaogopa kuomba sasa, na nadhani nyuma yake kuna swali la kikundi ambalo hukuliandika. Kanisa usiliache. Kuhani Eli alimwona Hana akiomba kwa uchungu, midomo ikitikisika, akadhani amelewa, akamkemea. Hana alimjibu kwa heshima, lakini alimjibu: mimi sikulewa, nimemimina roho yangu mbele za Bwana. Eli akabadilika hapohapo, akambariki. Kiongozi wako mpe nafasi hiyo. Mwambie kwa adabu, ukiwa na mume wako kama inawezekana, kwamba mnaomba wamwombee mtoto na wazee waje nyumbani na mafuta, ila habari za laana na za kuacha dawa hamzipokei. Akikubali, vizuri. Akisisitiza juu ya dawa, lipeleke suala kwa mchungaji wa usharika wako wala usione unamsema vibaya mtumishi wa Mungu. Hapo ni maisha ya mtoto. Ule mfungo wa siku saba, ukitaka kufunga, funga kwa hiari yako, lakini si katika siku ambazo kijana yuko kwenye maumivu na wewe ndiye wa kumbeba, kumpa maji mengi na kumkimbiza hospitali akipata homa. Na mkesha ukigongana na siku ya kliniki, nenda kliniki.